Dohani ya Zelinda

Paa ninalolala chini yake si langu. Magogo yake yalikatwa alama ya mume wangu Fioravante, na Fioravante hakuwahi kuligusa, kwa sababu lilipowekwa yeye alikuwa amelala chini ya theluji ya Urusi mwaka wa nne. Mimi ndiye niliyebeba vigae. Mimi ndiye niliyeshikilia ngazi. Lakini muulize mtu yeyote hapa Sottocroda, atakwambia hii ni nyumba ya Fioravante. Nimezoea, ila kuzoea si kukubali, na nikianza kulieleza jambo hili damu inanichemka hadi leo, mimi bibi kizee niliyekatazwa chumvi na daktari.

Wala si habari zangu ninazotaka kusema. Nataka kumsema wifi yangu Zelinda, dada yake Fioravante, meya wa kwanza mwanamke katika bonde letu lote. Kule ofisi ya kijiji wametundika picha za mameya ukutani: masharubu, masharubu, masharubu, halafu Zelinda, halafu masharubu tena. Siku hizi wageni wakija wanaoneshwa picha yake, na wenyeji wanavimba vifua, eti sisi tulikuwa na mwanamke zamani, kabla ya watu wa mjini. Wanavimba utadhani wao ndio waliomsaidia. Hivi kweli watu hawaoni haya?

Zelinda hakuolewa. Waliomtaka walikuwepo, ila yeye alikuwa na baba mgonjwa, kisha mama mgonjwa, kisha miaka ikawa imekwenda. Kazi yake ilikuwa kupika jibini la kijiji. Kila nyumba hapa ilipeleka maziwa kwake asubuhi na jioni, yanachanganywa kwenye sufuria moja kubwa ya shaba, na kila mtu anapata jibini lake kwa zamu. Kazi hiyo ilimfanya azijue tabia za watu kuliko padri. Padri unaweza kumficha. Lakini ukitia maji kwenye maziwa, Zelinda anachovya kidole, analamba, anakuuliza kwa upole kama jana usiku mvua ilinyesha ndani ya zizi lako. Watu walikuwa wakimwogopa kwa heshima, au wakimheshimu kwa hofu, sijui niseme vipi.

Mimi na yeye tulitaniana tangu siku niliyoolewa. Nilimwita bibi harusi wa jibini. Yeye aliniita mwizi, kwa kuwa nilimwibia kaka. Kaka mwingine alikuwa naye, Quinto, mkubwa wao, lakini Quinto alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe kabla ya vita, akaoa huko, akasahau njia ya kurudi. Baba yao alipokufa hakuja. Mama yao alipokufa hakuja, na hata shada la maua hakutuma. Mshikilie huyo Quinto akilini, maana mtu asiyekuwepo ndiye aliyekuja kutuharibia mambo.

Wajerumani walipanda huku mwezi wa Agosti, vita ikielekea ukingoni, kwa sababu tulikuwa tukiwalisha vijana waliopigana nao msituni. Walichoma nusu ya kijiji. Nyumba zetu ni kuta za mawe, lakini sakafu, ngazi na paa ni mbao tupu, kwa hiyo moto ulikula kila kitu ukaacha mawe. Na dohani. Dohani zote zilibaki zimesimama. Ukishuka kutoka malishoni uliona dohani zimetoka kwenye magofu, hazina nyumba chini yake, na ukajua ile ni ya kwako na ile ya jirani. Mimi nilihamia juu ya zizi la binamu yangu na binti yangu Rina, tukalala kwenye nyasi kavu, ng'ombe wakituhemea kutoka chini. Mtu akisema pumzi ya ng'ombe inapasha joto, mwambie akalale huko yeye na mtoto anayekohoa.

Vita ikaisha. Wanaume waliorudi wakajenga upya. Kiangazi kile kile cha kwanza magogo yakateremshwa kutoka msituni, nyumba moja baada ya nyingine ikapata kichwa. Zikabaki saba. Sita za wajane, na ya saba ya Zelinda, ile ya baba yake, iliyo juu kabisa karibu na kanisa.

Kwa nini zikabaki? Kwa sababu ya msitu. Msitu wa Sottocroda si mali ya serikali wala ya ofisi ya kijiji, ni wa majiko, maana huku kaya huhesabiwa kwa jiko lake. Tangu zamani za mababu, kila jiko lina haki ya magogo, na kila jiko lina alama yake inayokatwa kwa shoka kwenye mti ili usichukuliwe na mwingine. Hili mistari miwili, lile msalaba, jingine mguu wa kuku. Alama hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwenye jiko akifa, jiko linahesabiwa upya: siku ya Mtakatifu Martino, mwanzo wa baridi, mkuu wa msitu, ambaye tunamwita marigo, anasimama ngazi za kanisa baada ya misa na kuhesabu dohani zinazotoka moshi. Dohani inayofuka ina jiko hai. Isiyofuka imekufa na mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wazima walipotufanya watoto. Waume zetu walikufa, kwa hiyo majiko yetu yalitakiwa kuhesabiwa upya. Lakini hayakuwa na moshi, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimeungua. Kwa kuwa hayakuwa na moshi, hatukuwa na haki ya magogo. Na bila magogo hatuwezi kujenga nyumba ya kuwashia moto. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nikaomba nielezwe tena. Nikaelezwa tena, vile vile, na mtu mwenye uso mkavu kabisa.

Machi ya mwaka arobaini na sita tukapiga kura, na wanawake kwa mara ya kwanza. Walitutangazia tusije tumepaka rangi ya midomo, kwa sababu karatasi ya kura inafungwa kwa kulambwa, na ikipata doa inatupwa. Rangi ya midomo! Sisi tulikuwa tukigombania sabuni. Baraza likachaguliwa, na Zelinda ndani yake, halafu likashindwa kuchagua meya. Watu wa chama chekundu hawakumtaka mtu wa padri, watu wa padri hawakumtaka mwekundu, wakakaa wanaviziana wiki kadhaa hadi mmoja akasema tumweke Zelinda kwanza, angalau anajua kutunza funguo. Kila upande ukadhani atakuwa wa kuwawekea kiti joto. Zelinda akawashukuru, akakaa, akauliza msitu una magogo mangapi.

Ukanda wa rangi tatu anaovaa meya ulikuwa umeshonwa kwa wanaume wenye vitambi. Zelinda alikuwa mwembamba, ukamzunguka ukaburuza. Nikaubana nyuma kwa pini ya nepi ya Rina. Nilimwambia asigeuke ghafla itamchoma makalio, akaniambia afadhali, itamfanya asimame wima mbele ya wale wazee. Tulicheka siku hiyo. Naitaja kwa sababu hatukucheka sana baada ya hapo.

Kwanza alikwenda kwa marigo. Marigo wakati ule alikuwa Sante, mtu mrefu, mkavu, hakuwahi kumdhulumu mtu senti moja na hakuwahi kumsaidia mtu zaidi ya senti moja. Zelinda alimweleza kwamba serikali itatoa vigae na saruji, kilichopungua ni mbao tu. Sante akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia desturi anaijua. Zelinda akamwuliza mbona wanaume ambao nyumba zao ziliungua walipewa bila kuhesabiwa moshi. Sante akajibu kwamba wao hawakufa. Akasema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja hali ya hewa.

Akaenda ofisi ya mkoa. Akashuka bondeni kwa miguu, akapanda basi, akasubiri kwenye benchi mchana kutwa na ukanda wake kwenye mkoba. Karani wa huko alipomwona akamwuliza meya wake atafika saa ngapi. Alipomwambia meya ni yeye, karani akacheka, akamwita bosi wake naye aje acheke. Kisha wakamwambia msitu wa majiko una sheria zake, serikali haiingilii, arudi kwao akazungumze na wanaume wa huko. Akarudi. Akaenda tena mwezi uliofuata. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mkubwa yuko likizo. Viatu vyake vilitoboka, akavipachika ngozi ya aproni yake ya zamani ya kupikia jibini, na bado wakampiga danadana.

Vuli ikaingia, majiko yakafanya mkutano wao. Wanawake hawaingii. Zelinda akavaa ukanda, mimi nikambana pini, tukaenda sote saba tukasimama mlangoni. Akabisha. Sante akafungua mlango kidogo.

Zelinda akasema, "Mzee Sante, mimi ni meya wa kijiji hiki. Nina neno la kusema na mkutano."

"Meya nakuheshimu," akasema Sante. "Lakini humu hakai meya. Humu yanakaa majiko. Wewe ni jiko la nani?"

Ndani wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba meya aende akapike, labda jiko litapatikana. Mlango ukafungwa. Zelinda akahamia dirishani, akaanza kusema kupitia kioo, wakateremsha pazia. Unaweza kuamini? Watu aliowapikia jibini maisha yao yote, wakamteremshia pazia. Nikaokota jiwe. Zelinda akanishika mkono akalitoa, akaniambia kioo hicho ni mali ya kijiji na atakayelipa ni yeye.

Njiani nilimtukana. Nilimwambia umeya wake ni wa kuchorwa, kazi yake kugonga mihuri na kuzungushwa, na mtoto wangu anakohoa hadi kutoka damu puani kwa vumbi la nyasi. Nilisema mengi. Alisimama pale penye ngazi za kanisa, akageuka kutazama kijiji, akakaa hapo muda hadi nikadhani analia. Hakuwa analia. Aliniuliza, "Oliva, wakihesabu moshi wanaingia ndani ya nyumba?"

Nikamwambia hawaingii, wanahesabu kutokea pale pale aliposimama yeye.

"Basi," akasema. "Dohani tunazo."

Ilinichukua muda kumwelewa, maana nilikuwa bado na hasira. Kisha nikaelewa, na nikaanza kukimbia.

Siku zile kabla ya Mtakatifu Martino tulifanya kazi kama punda. Tuliondoa kifusi kwenye majiko. Tulisukuma matawi ndani ya dohani kutoa viota na mawe. Kwangu mlikuwa na kunguru mzima, mkavu, sijui alifuata nini. Hakuna paa, hakuna sakafu, unaingia kwenye kuta nne zenye nyasi zilizoota na mbingu juu yako, katikati kuna jiko lako ulilokuwa ukipikia. Nilikuta kipande cha bakuli langu la bluu. Nikakitia mfukoni, nikaendelea kuchota.

Siku yenyewe theluji nyembamba ilikuwa inaanguka. Kijiji kizima kilikuwa misani, sisi saba hatukwenda, na padri akalisema hilo madhabahuni baadaye. Tuliwasha. Tulitia majani mabichi ili moshi uwe mzito uonekane. Mimi na Rina tukaweka na sufuria, nikapika ugali wa njano, kwa sababu jiko ni la kupikia si la kudanganyia, na nikatupa chestnuti chache, zile njugu za msituni, kwenye majivu kama siku hiyo inavyotaka. Theluji ilikuwa inaanguka ndani ya sufuria nami nikiisonga humo humo. Rina aliniuliza mbona nalia, nikamwambia moshi.

Watu wakatoka misani. Sante akasimama ngazini na kijiti chake na kisu, akaanza kukata mikato kama kawaida, dohani moja mkato mmoja. Walioona walinisimulia kwamba alipofika kwenye ya kwanza ya kwetu mkono wake ulisimama. Wanaume wakaanza kupiga kelele, huo ni ujanja, huo si moshi wa nyumba. Sante alikuwa mgumu kwetu kwa sababu ya desturi, na sasa desturi ile ile ilimkaba yeye. Mwishowe akasema moshi ni moshi. Akakata sita, kisha akakata na wa saba.

Nampa haki yake hapo. Angeweza kugeuza uso.

Akashuka na shoka na wazee wawili, akaanza kupita jiko baada ya jiko. Huo ndio utaratibu: marigo anauliza alama, anaikata kwenye kipande cha ubao, na kwa ubao huo unapewa magogo. Kwangu palikuwa pa tano. Akaingia kupitia pale palipokuwa mlango, akavua kofia, na hapakuwa na paa la kumfanya avue kofia.

"Alama?" akauliza.

Nikamwambia mistari mitatu na mkato wa pembeni, ya Fioravante. Akaikata. Sikufikiri mara mbili. Niliuchukua ule ubao nikaukumbatia, nikawa naucheka na kuulilia, na hata angeniambia nichukue alama ya shetani ningeichukua. Wajane wote walifanya hivyo hivyo, kila mmoja alama ya marehemu wake. Nikamshika Rina mkono, tukawafuata hadi kwa Zelinda tushangilie pamoja.

Zelinda alikuwa amekaa mbele ya jiko la baba yake, amevaa ukanda. Alikuwa amefagia hadi jiwe la jiko linang'aa, na juu ya jiwe hilo alikuwa amechora kwa mkaa duara moja.

Sante akauliza alama. Zelinda akaonesha duara.

"Hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Jiko hili lina alama," Sante akasema. "Mistari mitatu. Ya baba yako."

"Ya baba ilikwenda kwa Quinto. Desturi naijua, umeniambia mwenyewe. Mimi ni jiko jipya, nataka alama mpya. Nimechagua jibini."

Wale wazee wawili wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Sante hakucheka. Alisema shoka halikati duara. Kisha, na hii nasema kwa sababu nilikuwepo, akashusha sauti akamsihi. Alimwambia haijawahi kukatwa alama ya mwanamke tangu msitu uwepo, na yeye hatakuwa wa kwanza kuikata, lakini anataka Zelinda ayapate magogo. Akubali akatiwe ya Quinto. Quinto yuko Ubelgiji, hana habari, nani atauliza? Ubao ule ule, magogo yale yale, paa lile lile.

Zelinda akatikisa kichwa.

Jamani. Nilimwendea nikapiga magoti kwenye majivu. Nilimwambia, "Wifi, kubali. Ni mikwaruzo tu kwenye mti. Theluji hiyo inaanguka."

"Alama ikiwa ya Quinto, nyumba ni ya Quinto," akaniambia. "Akirudi kesho na mkewe natoka na sufuria yangu. Mtu ambaye hakumzika mama."

"Hatarudi."

"Basi nitakuwa nalala kwa mtu asiyekuwepo. Mimi ndiye niliyewasha moto huu, Oliva. Kura walinipigia mimi. Wakate duara au waniache."

Wakamwacha. Sante akavaa kofia, akasema mkato wa saba alishaukata kijitini, hawezi kuufuta, wakati wowote meya akibadili nia ubao wa Quinto upo. Wakaondoka. Moshi wa Zelinda ukaendelea kutoka hadi majani yakaisha.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao. Nasema kweli. Wao niliwajua ni mawe. Lakini yeye alikuwa na paa mkononi akalitupa, na kwa kulitupa alitufanya mimi na wenzangu watano tuonekane tumelamba miguu. Kwa nini asingekula kama sisi tulivyokula? Nilikaa bila kumsemesha hadi Noeli. Alikuja kunishikia boriti za paa langu akiwa juu ya ngazi, nami nikimwelekeza kwa mkono bila neno.

Yeye alihamia chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, chenye jiko la chuma na kitanda cha askari. Mchana meya, jioni anapika jibini, usiku analala nyuma ya makabati. Kila Mtakatifu Martino aliwasha moto kwenye gofu lake na kuchora duara. Kila Mtakatifu Martino Sante alipita, akauliza alama, akaoneshwa duara, akasema shoka halikati duara, akavua kofia na kuondoka. Watu wakawa wanakwenda kutazama kama wanaokwenda kuangalia mchezo. Katika miaka hiyo alituletea mkunga, akaezeka mahali pa kufulia tusifulie tena kwenye barafu, akafungua shule ya jioni. Yote hayo alipata. Duara hakupata.

Uchaguzi wa mwaka hamsini na moja vyama vilikuwa vimepatana, wakaweka mwanamume, mwenye kitambi cha kutosha ukanda. Zelinda akaukabidhi, na ile pini akaichomoa akanirudishia. Meya mpya alimshukuru kwa hotuba ndefu, na wiki ile ile akahitaji chumba cha nyuma kwa ajili ya makabati.

Akaja kwangu na kitanda chake. Tuliishi pamoja miaka ishirini na kitu chini ya paa la Fioravante, tukigombana kuhusu chumvi ya ugali na nani kaacha mlango wazi. Mvua ikinyesha sana alikuwa akitazama juu na kusema paa la kaka yangu halivuji, na mimi nilikuwa nikimwambia anyamaze. Alifariki mwezi wa Februari kwa kifua. Walimbeba wanaume sita, wawili walikuwa miongoni mwa walioteremsha pazia. Hotuba zilikuwa nzuri mno. Nilizisikiliza nimeuma meno.

Sasa mwaka huu, majiko yamepiga kura. Wamekubali wanawake waingie mkutanoni na wawe na alama zao wenyewe. Wamefanya na sherehe, divai imemwagika, na meya wa sasa akasema kijiji chetu siku zote kimekuwa mbele. Nilirudi nyumbani kabla ya keki.

Siku ya pili akaja marigo mwenyewe na shoka, Loris, mjukuu wa Sante. Kijana mwema, hujifuta miguu mlangoni. Akaniambia kwa furaha kwamba mimi ndiye mkubwa kuliko wote, kwa hiyo wamekubaliana wa kwanza kukatiwa alama niwe mimi. Nataka kubaki na mistari ya marehemu mume wangu, au nataka mpya?

Nikamwambia, "Kata duara. Na magogo yapelekwe kule juu, kwenye dohani."

"Duara, bibi?" Akatabasamu. "La nani hilo?"

"La Zelinda. Ni jibini lake."

Tabasamu likamtoka taratibu. Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu aliyechanganyikiwa, kwamba haiwezekani, haki ni ya jiko lililo hai. "Zelinda amekufa, bibi."

"Na Fioravante alikuwa amekufa babu yako alipomkatia," nikamwambia.

Akatazama shoka lake, akatazama paa langu. Sikumkaribisha akae. Mwishowe akaniuliza jibini lenyewe lilikuwa la ukubwa gani.